Titiyo na Jumamosi zangu

Mchumba wangu ananipenda, hilo sibishi. Ugomvi wetu ni Jumamosi, siku ninayoimba na bendi hotelini. Eti mwanamke wa miaka 33, tena mfanyakazi wa benki, aache mambo ya jukwaani, tuoane, atulie. Basi jioni moja tukiwa kwenye foleni nikamwekea Titiyo.

Huyu dada ni Mswidi wa Stockholm, mdogo wake Neneh Cherry kwa baba. Baba yao, Ahmadu Jah, alikuwa mpiga ngoma kutoka Sierra Leone. Albamu yake ya kwanza, soul yenye midundo ya disko, ilitoka 1990. Lakini iliyovuma Ulaya kuliko zote ni ya nne, Come Along, ya 2001. Mwaka huo alitimiza miaka 34! Sauti haina papara, wala hapigi kelele. Unasikia kabisa huyu ni mtu mzima, kashayaona. Kisha akakaa miaka saba ndipo akatoa Hidden, 2008. Atulie wapi?

Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho. "Anajua," akasema, "ila yeye si mke wangu."

Wazee wanaleta mahari mwezi ujao. Nimemwomba kwanza aje hotelini Jumamosi hii, akae meza ya mbele. Hajanijibu.