Pete ya Chuma na Ndoo ya Kome



Tunawaandikia kutoka Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote ya Marekani, ambako familia kadhaa za kwetu, za Uvira, Baraka na Fizi, zimepata makao. Mmetuuliza mara nyingi tunaishije huku. Safari hii tumeona vema tuwasimulie habari ya siku moja tu, Jumamosi ya mwezi wa saba, tulipoingia majini kutafuta kome.

Jimbo hili limegawanywa na ghuba iitwayo Narragansett. Kandokando yake mna vighuba vyenye maji haba. Bahari inapokupwa, mtu mzima aweza kutembea mbali na ufuko, na maji yasimpite magoti. Chini ya mchanga na tope hukaa kome mnene mwenye magamba mawili magumu, ambaye wenyeji humwita quahog. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wanarragansett, watu waliokuwa hapa kabla ya wageni wote. Wao walimla, na kwa sehemu ya zambarau ya gamba lake walichonga shanga za thamani kubwa. Kome huyu hana miguu ya kukimbilia. Hujizika, akatoa mirija miwili mifupi, akavuta maji kwa mmoja na kuyatoa kwa mwingine, huku akichuja chakula chake. Kwa hiyo ghuba yenye kome wengi huwa na maji safi zaidi.

Mzee mmoja mwenyeji, jirani yetu, ndiye aliyetufundisha. Alituonyesha jinsi ya kuburuta reki yenye meno marefu polepole, mpaka mkono usikie mkwaruzo wa gamba. Akatuonyesha pia njia ya wasio na reki, yaani kuvua viatu na kupapasa kwa vidole vya miguu. Watoto waliipenda hiyo kuliko yote. Mwisho akatupa pete ndogo ya chuma, yenye upana wa inchi 1, ambayo ni kama milimita 25, akatueleza sheria. Mkaaji wa jimbo haitaji kibali ili achimbe chakula cha nyumbani kwake. Lakini ana kiasi cha siku asichopaswa kukipita, hachimbi usiku, wala hachimbi mahali palipofungwa kwa sababu ya uchafu, kama vile baada ya mvua kubwa. Tena kila kome hupimwa unene wake penye bawaba. Akipenya katika pete, bado ni mtoto, naye hurudishwa majini. Huchukua miaka kadhaa, mara nyingi 3 au 4, kufikia kipimo hicho, na asipoguswa aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Sheria yataka apate nafasi ya kuzaa kabla hajavunwa.

Tulichimba kwa furaha kubwa. Jioni ile tulikuwa na wageni zaidi ya 20 wa jumuiya yetu, nasi tulikuwa tumejisifu kwamba chakula kitatoka baharini. Maji yalipoanza kujaa, tulirudi ufukoni na ndoo mbili zilizojaa. Msichana mmoja wa miaka 12 aliketi juu ya jiwe akaanza kupima. Wa kwanza akapenya. Wa pili akapenya. Alipofika nusu ya ndoo ya kwanza, rundo la wadogo lilikuwa kubwa kuliko la wakubwa.

Hapa twaungama jambo ambalo halitupendezi. Si vijana waliotaka kudanganya, bali sisi watu wazima. Mmoja wetu alisema, “Mwanangu, acha kupima. Weka wadogo chini, wakubwa juu. Askari hayupo.” Mwingine akaongeza kwamba kwetu tumekula ndakala wadogo kuliko kidole, na hakuna aliyekufa. Tukacheka. Msichana hakujibu neno, wala hakuiweka pete chini. Aliendelea kupima, macho yakiwa mikononi mwake, na kicheko chetu kikakosa pa kwenda.

Ndipo mama mmoja mzee, mjane wa mvuvi wa Baraka, akasema taratibu, “Wanangu, mume wangu alivua kwa taa miaka mingi. Mwanzo, ndakala walijaza mtumbwi kabla ya usiku wa manane. Baadaye watu wakaleta nyavu za macho madogo, hata chandarua, wakavua wazazi pamoja na watoto. Kila mmoja alisema, wangu hawa ni wachache tu. Mwishoni alirudi alfajiri na taa yake na mtumbwi mkavu. Huyo mliyemcheka amenikumbusha yeye.”

Hakuna aliyebisha. Tulibeba wadogo wote tukarudi majini, ambayo sasa yalitufika mapajani, tukawaweka tena mahali tulipowatoa, mmoja mmoja. Kazi hiyo ilituchukua karibu saa nzima.

Jioni chungu hakikujaa. Tuliwapika kome kwa nyanya, vitunguu na pilipili, tukawaandalia wageni pamoja na bukari na sombe. Kila mtu alipata kome wawili au watatu. Tuliona haya, kwa kuwa majivuno yetu yalikuwa makubwa kuliko sahani zetu. Mgeni mmoja alipouliza wengine wako wapi, yule mama alijibu, “Tumewaacha wakue.”

Wapendwa, tunajua kwamba mwaka 2024 ziwa letu Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi kwa miezi 3, tangu Mei hadi Agosti. Tunajua pia kwamba mwenye njaa hapokei agizo kama hilo kwa nyimbo. Sisi tulirudisha kome tukiwa na unga nyumbani; mvuvi wa Uvira aliyetundika nyavu zake alilipa zaidi yetu, naye anastahili kusaidiwa, si kuhubiriwa tu. Lakini siku ile tulijifunza kwamba sheria isiyo na askari hulindwa na mtu mmoja asiyekubali kuweka pete chini, hata wakubwa wake wakimcheka.

Ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Katika ziwa, msitu au shamba la kwenu, ni kitu gani kinachovunwa kabla ya wakati wake?
2. Anayeombwa kungoja atakula nini, na nani atamsaidia?
3. Mdogo akiwa na haki mbele ya wakubwa, amwambieje mzazi wake bila kumvunjia heshima?