Picha Mbili Ubavu kwa Ubavu

Jicho la mwanadamu ni jepesi wa kuhukumu, lakini kumbukumbu yake ni shahidi dhaifu. Likionyeshwa jambo moja leo, na la kulinganishwa nalo kesho, hukumu yake huwa ya kubahatisha. Yakiwekwa yote mawili mbele yake kwa wakati mmoja, hutambua hata tofauti ya unywele. Watengenezaji wa sinema waliijua siri hii zamani. Mwaka 1913, katika filamu fupi ya Suspense iliyotengenezwa Marekani, Lois Weber na Phillips Smalley walikigawa kioo sehemu tatu, mtazamaji akawaona pamoja mke aliye peke yake nyumbani, mhalifu anayemwingilia, na mume aliyeshika simu mbali nao. Mwaka 1927, Mfaransa Abel Gance aliimaliza filamu yake ya Napoléon kwa mashine tatu zilizotupa picha zao sambamba. Kazi hizo zilitaka mafundi wengi na fedha nyingi. Siku hizi mtu mmoja aweza kufanya mfano wake mezani kwake kwa programu kama Shotcut au Kdenlive, ambazo hutolewa bure.

Njia yenyewe si ngumu. Vipande viwili vya video hulazwa katika safu mbili, kimoja juu ya kingine. Cha juu hukifunika cha chini, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa wakidhani cha pili kimepotea. Dawa ni kuvipunguza vyote viwili na kukisogeza kimoja kushoto, kingine kulia. Kioo chenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha 1080 humpa kila mmoja nafasi ya upana wa 960. Video iliyopigwa kwa ulalo, ikipunguzwa nusu, hubaki na kimo cha 540, na weusi hutanda juu na chini yake; asiyependa weusi huo hukata pembe za picha, naye hupoteza nusu ya alichokipiga. Video ya simu iliyoshikwa wima, ambayo mabingwa huidharau, ikipunguzwa hukaa nzima katika nafasi hiyo bila kukatwa kitu, ila weusi hubaki kando zake. Hatimaye hubaki sauti. Sauti mbili zikilia pamoja hazisikiki hata moja, basi aghalabu moja hunyamazishwa, na mara nyingine zote mbili.

Kunyamazisha huko kulikaribia kumponza binti mmoja wa Tanga.

Baba yake alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Kila juma alipelekwa kwa bajaji kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na gharama alizitoa kaka mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Baada ya miezi sita kaka alichoka. Alipokuja likizo alimwona mzee angali akichechemea, akasema fedha zamwagwa mchangani. Binti, aliyemshika mzee mkono kila asubuhi, alijua kwamba sivyo. Lakini kujua si kuonyesha. Alikuwa na video mbili alizompiga baba yake akitoka mlangoni kwenda bombani, moja ya mwezi wa kwanza wa ugonjwa, nyingine ya mwezi wa sita. Akaziweka ubavu kwa ubavu na kuzinyamazisha.

Matokeo yalizidi matumaini. Mzee wa kulia alifika bombani kwa sekunde 17. Mzee wa kushoto alichukua sekunde 44. Nani angebisha?

Kabla ya kuituma alimwonyesha baba yake. Mzee akatazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona mabubu hawa?" Binti akairudisha sauti ya upande wa kushoto. Uani jogoo aliwika, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ndefu kama ya ng'ombe. Mzee akacheka hata akakohoa. "Jogoo huyo mgonjwa kuliko mimi!"

Binti hakucheka. Alitazama tena, akaona maji ya bombani yakianguka polepole kuliko desturi ya maji. Siku ile ya kwanza simu ilikuwa imewekwa katika hali ya kupunguza mwendo, naye hakujua. Kila kitu upande wa kushoto kilikwenda kwa nusu ya kasi yake. Sekunde 44 zilikuwa 22 tu.

Kaka asingegundua. Uongo wenyewe haukuwa wake, ulikuwa wa simu. Na jambo alilotaka kulithibitisha lilikuwa kweli. Ni nadra mtu kupewa kishawishi kilichovikwa nguo nzuri kiasi hicho. Usiku ule hakuituma, wala hakuifuta. Asubuhi aliifungua programu, akaandika mia mbili kwa mia katika kasi ya kipande cha kushoto, akazirudisha sauti, cha kwanza kisikike peke yake, kisha cha pili.

Sasa tofauti ilikuwa ndogo, sekunde 5. Lakini kwa kuwa wazee wale wawili walikwenda karibu sawa, jicho liliacha kushindanisha mbio likashuka miguuni. Kushoto vidole vilichora mstari mchangani tangu mlangoni hadi bombani. Kulia mstari ulikatika mara kwa mara, na karibu na bomba haukuwapo: mguu ulinyanyuka. Katika ile video ya kwanza hakuna ambaye angeangalia mchanga.

Aliituma, pamoja na maelezo ya kosa la simu. Kaka akapiga jioni.

"Nimeuona mguu," alisema. "Ila bado mzito, mdogo wangu."

"Bado, kaka."

"Nitatuma ya miezi mitatu. Baada ya hapo piga nyingine, palepale bombani. Na hiyo simu iangalie kwanza."