Kijiji Kilichojifungia Mlango

Ukitaka kukijua kijiji, tazama makaburi yake. Huko Uingereza, katika vilima vya Derbyshire, kipo kijiji kidogo kiitwacho Eyam; jina lake hutamkwa Iim. Nyumba zake za mawe ya kijivu zimepangana kandokando ya njia, na kanisa lake ni la Mtakatifu Laurenti. Uani mwa kanisa wasimama msalaba wa jiwe uliochongwa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Watu wa zamani walilima, walifuga kondoo, na kuchimba madini ya risasi.

Mgeni apitaye njiani huona vibao mbele ya nyumba kadha, na juu yake majina: baba, mama, watoto, na siku waliyokufa. Makaburi mengine yamo mashambani, mbali na kanisa. Kwa nini Wakristo wazikwe shambani? Hiyo ndiyo habari ya Eyam.

Mwaka 1665 mji wa London ulishikwa na tauni. Mwishoni mwa Agosti bunda la vitambaa lilifika Eyam kutoka London. Yasemekana vitambaa vilikuwa na unyevu, na fundi mshonaji, George Viccars, akavianika karibu na moto. Kumbe mlikuwa na viroboto ndani yake. Siku chache tu, homa ikampanda, mitoki ikavimba, naye akazikwa tarehe 7 Septemba. Siku zile hakuna aliyejua kwamba viroboto wa panya hueneza tauni. Kijidudu chake hakikugunduliwa mpaka mwaka 1894. Ndiyo tauni ile ile iliyozuka kwetu Lushoto, katika milima ya Usambara, mwaka 1980.

Wakati wa baridi ugonjwa ulipungua, lakini ilipofika Juni 1666 ukawaka tena kama moto wa nyika. Baadhi ya wenye mali walikwisha kuondoka. Wengine nao wakaanza kufunga mizigo.

Mchungaji wa kanisa alikuwa William Mompesson, kijana asiyetimiza miaka thelathini, wala watu hawajamzoea. Mioyo ya wengi ilikuwa kwa Thomas Stanley, mchungaji wa zamani, aliyeondolewa kwa kukataa sheria ya ibada ya mwaka 1662. Wawili hawa hawakupatana katika mambo ya dini. Hata hivyo waliketi pamoja, wakasimama mbele ya watu kwa neno moja: tukikimbia, tutawaua jirani zetu, na tukae.

Watu wakakubali mambo matatu. La kwanza, mtu asivuke mpaka. La pili, ibada ifanyike nje, katika bonde liitwalo Cucklet Delf, kila jamaa wakisimama peke yao. La tatu, na nadhani ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kila nyumba izike maiti wake yenyewe, karibu na nyumbani, bila mazishi ya kanisa.

Bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, aliwapelekea chakula. Vitu viliwekwa mpakani, na fedha za malipo zikatiwa katika vitundu vya jiwe vilivyojaa siki, ili ugonjwa usifuatane na sarafu. Jiwe hilo lingalipo.

Katika mwezi wa Agosti mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita kwa muda wa siku nane. Aliwachimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe na kuwakokota mpaka shambani. Makaburi yao saba yamezungushiwa ukuta wa mawe, na watu huenda kuyatazama hata leo.

Mompesson naye hakuponea mbali. Kabla mpaka haujafungwa aliwapeleka watoto wake wawili kwa jamaa zake. Wako watakaomlaumu kwa hilo. Lakini ni mzazi gani asiyemwelewa? Mkewe Catherine hakutaka kwenda nao. Alibaki na mumewe kuwatunza wagonjwa, akafa mwezi huo wa Agosti. Kaburi lake li uani mwa kanisa.

Tauni ilikoma mwanzoni mwa Novemba 1666. Walikuwa wamekufa watu wapatao 260. Lakini vijiji vya jirani vilisalimika.

Miaka michache baadaye Mompesson alihamia parokia ya Eakring. Yasemekana watu wa huko waliogopa kumpokea, akakaa kwanza kibandani nje ya kijiji. Aliyewafungia watu wake mlango kwa ajili ya wengine, akafungiwa mlango naye!

Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu hukusanyika katika bonde lile lile, wakasali na kuwakumbuka wafu wao.

Sisi tuwekao vitabu vya parokia twajua uzito wa jina moja liandikwalo katika kitabu cha maziko. Watu wa Eyam hawakuwa watawa wala mashujaa wa vita. Walikuwa wakulima na wachimbaji, wenye hofu kama sisi. Twazoea kudhani kwamba kumpenda jirani ni kumfungulia mlango. Mara nyingi ndivyo. Lakini iko siku ambayo kumpenda jirani ni kuufunga mlango, ukabaki ndani na msiba wako, ili yeye apate kulala salama.