Kericho: Majengo ya Mawe na Ukingo wa Chumvi

Watu wengi hutamani kuiona India, na hasa mji wa Delhi, ambako iko Ngome Nyekundu iliyoanzwa na mfalme Shah Jahan mwaka 1639 na kumalizika mwaka 1648, na ambako mnara wa Qutb umesimama kwa urefu wa mita 73 hivi, hata atazamaye kilele chake hapana budi ashike kofia. Lakini safari hiyo yataka pasipoti, nauli na likizo ndefu, na vitu hivyo vitatu ni nadra kukutana katika mfuko wa mtu mmoja. Habari hii ni ya safari ya siku moja tu, kwa nauli ya matatu, katika mji wa Kericho, ambako karani mmoja kijana alimtembeza babu yake, mkulima wa chai wa upande wa Bomet, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80.

Mzee huyo alikuwa ameupita mji wa Kericho mara nyingi mno. Alikwenda hospitali, alikwenda kwa kesi ya mpaka wa shamba, alikwenda kutafuta mbolea. Lakini kwenda kuangalia tu, bila shughuli, hakupata kufanya hivyo, na mjukuu wake alipomweleza shauri hilo aliuliza kwanza kama ni kazi yenye mshahara.

Walianza asubuhi mapema, maana Kericho iko juu kiasi cha mita 2,000, na mvua ya huko haina desturi ya kuukosa mchana. Njiani kijana alimwuliza babu yake asili ya jina la mji. Wako wasemao kwamba latokana na mzee mmoja wa Kimasai aliyeitwa Ole Kericho, na wako wasemao kwamba latokana na neno la Kikipsigis la dawa, kwa kuwa palikuwa na mganga hapo zamani. Babu alishika upande wa dawa, wala hakutaka kujadiliana.

Jengo la kwanza walilolitazama lilikuwa kanisa la Utatu Mtakatifu, kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1952 kwa mfano wa makanisa ya vijiji vya Uingereza. Ni jengo la kupendeza, lenye utulivu, na mtu akisimama mbele yake husahau kwamba yuko karibu na Ikweta. Waliolijenga walikuwa walowezi wa mashamba ya chai, na kuwapo kwao huko kuna historia yake. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, maafisa wakashindwa, na makampuni ya chai yakaingia. Kuanzia mwaka 1924 chai ya biashara ilipandwa mpaka vilima vyote vikageuka rangi moja. Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kupanda chai yake mpaka miaka ya 1950. Babu alipata miche yake ya kwanza baada ya uhuru, na hata sasa aweza kuonyesha mstari alioanzia.

Kutoka hapo walikwenda kwenye hekalu la Masingasinga, ambao watu wa kawaida huwaita Makalasinga. Mlingoti wake mrefu, uliovikwa kitambaa cha rangi ya machungwa, waonekana tangu mbali. Babu alikuwa ameuona mlingoti huo kwa miaka mingi, akidhani kwamba ndani ni kwa Wahindi peke yao. Mlangoni alikutana na bwana mmoja mwenye kilemba na ndevu nyeupe, aliyemwambia kwa Kiswahili safi, "Karibu mzee wangu, hapa ni kwa kila mtu. Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Na kama una tumbaku, iache nje."

Hapo safari ilikaribia kuvunjika. Babu alikuwa na kichupa chake cha ugoro, na kichupa hicho hakikupata kuachwa mikononi mwa mtu tangu kilipofika kwake. Akafikiri kitambo. Mwishowe akakificha chini ya mti, akakifunika kwa majani, akaweka na jiwe juu.

Ndani walikuta sakafu safi, watu wameketi chini bila kujali nani tajiri nani maskini, na kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimewekwa juu ya jukwaa chini ya chandarua cha heshima, na mtu akikipungia kipepeo kama apungiwavyo mfalme. Hapana sanamu. Baadaye yule bwana aliwaeleza habari za mtu aliyepatia mahali hapo sifa. Aliitwa Puran Singh, alizaliwa Punjab mwaka 1898, akaja Afrika ya Mashariki angali kijana. Huko Kericho alikuwa na karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works, na kazi yake ilikuwa kuunda magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mikono ilikuwa ya fundi, lakini watu walimfuata kwa ajili ya sala na ushauri wake. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza; mwaka 1978 alianzisha chama cha ibada na huduma katika mji wa Birmingham, na mwaka 1983 akafariki. Wafuasi wake humwita Kericho Wale, maana yake yule wa Kericho, na wengine husafiri kutoka Uingereza kuja kupaona mahali alipofanyia kazi. Basi jina la mji huu mdogo wa chai hutajwa kwa heshima katika nyumba za Birmingham, jambo ambalo wenyeji wengi wa Kericho hawana habari nalo.

Babu alisikiliza yote, kisha akasema polepole, "Baba yangu alinunua gurudumu kwa Kalasinga wa Kericho. Lingali nyumbani. Kuku hulalia juu yake."

Yule bwana alicheka kwa furaha, akawapeleka kula. Chakula kilikuwa chapati, dengu, wali na chai yenye maziwa, nao walikula wameketi sakafuni pamoja na wengine. Babu alipotoa noti alipe, aliambiwa kwamba hapana alipaye; atakaye kusaidia aweza kuosha vyombo. Kwa hiyo karani, aliyekuwa amevaa suti yake ya kazini, alikunja mikono akaosha sahani 30, naye babu akisimamia.

Kichupa cha ugoro kilikuwa salama.

Mchana walipita kwenye kanisa kuu la Wakatoliki la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu mwaka 2015. Paa lake la vigae hupanda kidogo kidogo kutoka mlangoni mpaka kwenye altare, na lina nafasi ya watu 1,500. Ni kazi kubwa ya ufundi. Lakini babu alikuwa amechoka na majengo, na hapo ndipo alipouliza: "Mjukuu wangu, umenionyesha ya Mwingereza, ya Mhindi na ya Roma. Yetu iko wapi?"

Karani alikosa jibu. Alijua habari za Watalai, ukoo wa waongozi wa Wakipsigis, ambao serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa sheria ya mwaka 1934, mamia ya watu wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wasirudi mpaka uhuru ulipokaribia. Alijua pia kwamba mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka shauri la ardhi yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Lakini hayo ni makaratasi, na babu alitaka kitu cha kutazama.

"Twende," akasema babu mwenyewe.

Wakapanda matatu, wakashuka penye mashamba makubwa. Baba yake babu, alipokuwa mvulana, alichunga ng'ombe katika nchi hiyo kabla ya chai, na alimweleza mwanawe mahali walipowapeleka kulamba chumvi ya ardhi: penye vijito viwili vikutanavyo, chini ya ukingo wa udongo mwekundu, jua la asubuhi likikujia upande wa shavu la kulia. Babu hakupata kufika hapo. Kwa saa nzima walifuata njia ya wachumaji, mpaka wakaona vijito. Chai ilikuwa imeshuka kila upande hadi karibu na maji.

Mlinzi wa shamba akawajia kwa hasira kidogo. Alipowaona ni mzee na kijana wa suti, aliwaamkia kwa Kikipsigis, akauliza wamepotea wapi. Babu akamweleza.

"Sijui habari za zamani, mzee," mlinzi akajibu. "Lakini ukingo ule pale wanitesa. Ng'ombe wa wakulima jirani huvunja ua kila mara, hawagusi majani, hukimbilia pale pale kulamba udongo. Nawafukuza jioni, asubuhi wamerudi."

Babu akashuka mpaka ukingoni akishikwa mkono na mjukuu wake. Udongo ulikuwa umelambwa ukawa laini, na nyayo za kwato zilikuwa mbichi. Akachukua kipande kidogo, akakitia katika kichupa cha ugoro, mlinzi akitazama barabarani asije nyapara. Mvua ikaanza kunyesha, nao wakapanda kilima kwenda kungoja matatu ya Bomet.