Wimbo Mfupi wa Wageni

Aliyezaliwa visiwani hujua tangu utotoni maana ya kutazamwa. Mgeni hupita uchochoroni, akasimama mbele ya mlango wa nakshi, akapiga picha, akaenda zake. Na aliyeketi barazani hubaki akijiuliza iwapo kilichotazamwa ni mlango tu, au na yeye pia. Bwana mmoja wa Mji Mkongwe, mwalimu mstaafu na mpenzi wa mashairi, aliishi na swali hilo miaka mingi. Hakudhani kwamba siku moja angelibeba mpaka mkoani Mara, naye safari hii akiwa ndiye mgeni mwenye kamera.

Alipanda basi Mwanza, akavuka daraja la Kirumi, akaingia Tarime jioni. Baridi ilimpokea kabla ya mwenyeji yeyote. Aliona migomba na mibuni vilimani, na majabali yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mikono. Kesho yake alishuka kuelekea Wilaya ya Serengeti, akauvuka Mto Mara, akalala Mugumu.

Mto huo huanzia msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti, kisha ukamimina maji yake katika Ziwa Viktoria. Walimwengu huujua kwa jambo moja: baina ya Julai na Oktoba nyumbu, ambao jumla yao hupita milioni moja, huuvuka kwa makundi huku mamba wakiwangojea. Naye aliyaona hayo. Akiwa ndani ya gari huko Kogatende alishuhudia ukingo mzima ukiporomoka kwa kwato, vumbi likipanda na maji yakigeuka matope. Ulimi wake, uliozoea vina na mizani, haukupata neno.

Wakati wa kurudi alimwuliza kijana wa Kikurya aliyemwongoza:

"Kilima kile chaitwaje?"

"Hakina jina, mwalimu. Sisi madereva twakiita cha simba, maana hapo ndipo hupatikana simba."

Jioni kijana akamkaribisha kwao, kwa babu yake mpiga litungu. Litungu ni ala ya nyuzi nane, yenye bakuli la mti lililowambwa ngozi; sauti yake ni nzito, hutoka chini kama ngurumo iliyo mbali. Mpenzi wa udi na gambusi aliiangalia kwa heshima, kama mtu amwangaliavyo jamaa asiyepata kumwona.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka ule wa wageni?"

"Ndio upi huo?"

"Ule wa dakika kumi. Huupiga katika hoteli za watalii, wakapiga makofi, wakaenda kula."

"Na wimbo wenyewe?"

Mzee akacheka. "Wenyewe hauishi kabla jogoo hajawika. Nani atakaa?"

Mgeni aliona haya. Alizikumbuka hoteli za kwao, ambamo nyimbo za taarabu hukatwa beti ili zilingane na muda wa chakula, na wapigaji wakazoea kuzikata hata pasipokuwa na mgeni. Akasema, "Nitakaa mimi."

Wakala ugali wa mtama na muhogo, mzee akaanza. Kijana alifasiri mwanzoni kwa wepesi, kisha akawa anasita, kwa kuwa mengi alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Yalikuwa majina ya watu na ng'ombe wao, visima, miti ya kivuli, mahali ambapo mifugo hulamba chumvi. Usiku ulipokuwa mkubwa babu alitaja kilima, akaeleza kilivyokaa na mto. Kijana akanyamaza. Kilikuwa ni kile cha simba.

Baba wa mzee alichunga huko, katika ardhi ya Lamai iliyo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, kabla haijaunganishwa na hifadhi katika miaka ya 1960. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa Ngorongoro, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama Mji Mkongwe ulivyoingizwa mwaka 2000.

"Sikatai," alisema mzee. "Tungebaki kule na majembe yetu, huenda leo nyumbu usingewaona. Mjukuu wangu huyu anakula kwa sababu yao. Lakini kilima kina jina. Nikifa nalo, atabaki kuwaonyesha watu simba, na kwao hatakujua."

Kisha akaliweka litungu chini. "Nasi tumekuimbia. Kwenu mwaimba nini?"

Mwalimu alifungua kinywa, na wimbo wa kwanza uliomjia ulikuwa ule ule wanaoimbiwa watalii. Akaukatiza njiani. Akalitafuta shairi refu alilofundishwa na bibi yake akiwa mtoto. Akalighani kwa sauti ya kale, na mzee akaitikia kwa kichwa ingawa hakuijua lahaja. Alipofika ubeti wa saba alikwama. Zilizobaki hakuwa nazo. Wote watatu walikaa kimya, na hakuna aliyemcheka.

Asubuhi kijana alikuwa na daftari la shule juu ya magoti, babu akimtajia, naye akiandika. Mgeni hakuomba kupiga picha. Aliaga, akaambiwa arudi.

Alipofika Unguja watoto wa mtaani walimzunguka wakitaka kuona nyumbu na mamba. Aliwaambia wangoje kidogo. Alikwenda kwanza kwa shangazi yake, mtu mzima asiyetoka tena ndani, akaketi chini mkekani, akamwomba ubeti wa nane.