Rejeta Mpya

Hapana maradhi ya motokaa yanayomfadhaisha mwenyewe kama homa. Gurudumu likipasuka huonekana, na taa ikizimika hujulikana mara moja. Lakini joto la injini lina sababu nyingi, na kila moja huvaa nguo za mwenzake. Mshale hupanda, mvuke hutoka, dereva husimama kando ya njia na dumu la maji mkononi, asijue kama mkosa ni pampu, feni, thamostati, kifuniko au rejeta yenyewe.

Chombo hiki kina asili ya heshima. Rejeta ya masega aliyoibuni Wilhelm Maybach kwa motokaa ya Mercedes ya nguvu za farasi 35, mwaka 1900, ilikuwa na mirija midogo 8,070. Kwa miaka mingi baadaye rejeta zilifanywa kwa shaba na kuungwa kwa risasi. Ikivuja, fundi aliiziba ikaendelea na kazi. Siku hizi kiini aghalabu ni cha alumini, na vichwa vyake ni vya plastiki iliyobanwa kwa meno juu ya mpira. Alumini haina hatia, kwani rejeta njema za namna hiyo hudumu sana. Ubaya huja pale mtengenezaji anapopunguza safu za mirija, akatawanya mapezi, akaifanya plastiki nyembamba, kisha akaipaka yote rangi nyeusi ikang'aa kuliko ile inayoondolewa. Kwa macho ni pacha. Mizani ingesema kweli, lakini nani huchukua mizani dukani?

Mtu mmoja mwenye motokaa kuukuu, aliyesafiri mara kwa mara baina ya Dar es Salaam na Iringa, alinunua rejeta kama hiyo baada ya ile ya shaba kuanza kuvuja. Jijini motokaa ilikwenda bila neno. Morogoro ilipita, Mikumi ilipita. Katika mlima wa Kitonga, nyuma ya malori yanayopanda kwa mwendo wa kobe, ikachemka.

Fundi wake hakuwa mbabaishaji. Aliuliza kwanza joto hupanda wapi: likipanda katika foleni na kushuka njiani, feni hushukiwa, maana motokaa iliyosimama haina upepo mwingine, likipanda kwa mzigo na mlima, mapito ya maji hushukiwa. Alishika mabomba mawili ya mpira, la juu na la chini. La juu likiwa moto na la chini baridi, ama thamostati imekwama ama mirija imeziba. Alitazama mdomo wa rejeta injini ingali baridi, asione viputo vya gasketi iliyoungua. Alitazama mafuta, nayo hayakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kanuni zote zilikuwa sahihi. Walakini zilianza na imani moja, kwamba kilichofungwa juzi hakiwezi kuwa kibovu. Basi ikabadilishwa thamostati, kisha kifuniko, kisha pampu, na kila mara Kitonga ikatoa jibu lile lile.

Hapo ndipo bidhaa mbaya hudhihirisha uovu wake wote. Huiba fedha, kisha huharibu ushahidi: huwatia hatiani wasio na kosa, na wa mwisho kutiwa hatiani ni fundi. Mwenye motokaa alimzuilia ujira, akaanza kusikiliza mashauri ya njiani. Moja lilikuwa la kuitoa thamostati kabisa. Shauri hili lina wafuasi wengi, nalo halifai. Thamostati nyingi hufunguka baina ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Ikiondolewa, injini huenda baridi na kula petroli zaidi, na katika injini nyingine maji hupata njia ya mkato yasifike kwenye rejeta.

Katika safari ya nne gasketi ikaungua, na kichwa cha injini kikapinda. Gharama yake ilizidi mara kadhaa bei ya rejeta.

Fundi aliiondoa ile mpya, akailaza chini kando ya ile ya shaba iliyokuwa ikikusanya vumbi pembeni mwa karakana, akahesabu. Ya zamani ilikuwa na safu mbili za mirija. Mpya ilikuwa na moja, na mapezi yake yaliachana kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti. Mwenye motokaa alimlipa ujira wake siku ile ile, akaichukua rejeta mpya hadi dukani. Akajibiwa kwamba kilichokwisha fungwa hakipokelewi. Nyuma ya mwenye duka zilipangwa nyingine kumi na mbili, nyeusi, zinang'aa.

Ile ya shaba ilioshwa, ikazibwa kwa risasi, ikarudishwa mahali pake. Ilipanda Kitonga mwezi uliofuata, mshale ukiwa katikati.