DAFTARI LA WABAKAJI: TULITAKE AU TULIOGOPE?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, swali hili limeingia inbox mara nyingi. Safari hii limetoka kwa mama mmoja wa Laela: "Sheikh, kwa nini serikali isiweke orodha ya wabakaji na walawiti, majina na picha, kila mzazi akaiona?" Nimemwomba ruhusa nijibu hapa, maana jibu linatuhusu sote. Soma taratibu mpaka mwisho.

Kwanza tujue wenzetu wamefanya nini.

Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze daftari la waliotiwa hatiani. Sheria hiyo hiyo inasema aliyehukumiwa akiomba kazi inayompa mamlaka au ulezi juu ya watoto, akaficha hukumu yake, ametenda kosa jingine. Uganda, Bunge lilipitisha muswada wenye daftari mwaka 2021, Rais akaurudisha bila kuusaini. Uingereza wana daftari tangu 1997, lakini liko mikononi mwa polisi. Mzazi mwenye wasiwasi na mtu anayemkaribia mwanawe anaweza kwenda kuuliza. Marekani wao, tangu sheria yao ya 1996, wanatangaza: unafungua simu, unaona jina, picha na mtaa anaoishi.

Sisi Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha. Adhabu ni kali, lakini sheria hiyo haikuweka daftari.

Sasa dini inasemaje? Nina mambo matatu.

LA KWANZA: KUSITIRI SI KUFICHA HATARI.

Kila linapotokea jambo, utasikia: "Sheikh, tumetakiwa kusitiriana aibu." Ni kweli, tumetakiwa. Lakini aibu ya mtu baina yake na Mola wake si sawa na hatari inayotembea kuelekea kwa mtoto wa mwenzio. Imam Nawawi, katika Riyadhus Swalihin, ameweka mlango mzima wa hali sita ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa, na kuwatahadharisha Waislamu ni mojawapo. Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.) kuhusu wanaume wawili waliomposa, alielezwa kasoro ya kila mmoja, ili asiingie ndoani akiwa gizani.

Na maulamaa wa hadithi waliandika nini? Madaftari! Imam Bukhari ana kitabu cha wapokezi dhaifu: majina, moja baada ya jingine. Hawakuona kuwa ni kusengenya. Waliona kuwa ni kuilinda dini. Basi kama tuliandika majina ili kuilinda hadithi, itakuwaje haramu kuandika majina ili kumlinda mtoto?

LA PILI: JINA HALIANDIKWI BILA UTHIBITISHO.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuchunguza habari kabla ya kuichukulia hatua, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Surat An-Nur imemwekea bakora 80 anayewasingizia wanawake wenye kujihifadhi bila mashahidi wanne.

Ndugu yangu wa Ufipa, wewe hili unalijua kuliko mtu wa Dar es Salaam. Wazee wetu wanatuambia maana ya Sumbawanga ni "tupa uchawi". Tunajua jina la mtu likishanong'onwa kuwa ni mchawi linavyomfuata mpaka kaburini, na watoto wake baada yake, bila hakimu wala ushahidi. Je, unataka tulifanye na hili hivyo hivyo? Kule Maine, Marekani, mwaka 2006 kijana mmoja alichukua anuani kwenye daftari la wazi, akaenda kuwaua watu wawili majumbani mwao. Mmoja wao kosa lake ujanani lilikuwa ni kulala na rafiki yake wa kike aliyebakiza wiki chache tu kufikia umri wa kisheria. Kosa ni kosa, lakini hukumu yake haikuwa kifo.

Na hapa kwetu? Mwaka 2004, Mahakama ya Kisutu ilimhukumu mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe watatu kifungo cha maisha kwa kubaka watoto wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru wawili kati ya wale wanne. Waliobaki, yeye na Papii Kocha, walitoka kwa msamaha wa Rais Magufuli tarehe 9 Desemba 2017. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema baadhi ya haki zao katika usikilizwaji wa kesi zilikiukwa. Sisemi nani alifanya nini, Allah ndiye Mjuzi. Nauliza tu: tungekuwa na daftari la kubandikwa ukutani mwaka 2004, lingekuwa na majina manne. Wale wawili walioshinda rufaa, nani angewafuta kwenye simu za watu?

LA TATU: TOBA NI YA ALLAH, AMANA NI YETU.

Wengine husema: "Ametumikia kifungo, ametubu, mbona mnamnyima kazi?" Mlango wa toba hatuufungi sisi. Lakini Abu Dharr (r.a.), katika waja wema kabisa, alipoomba uongozi Mtume (S.A.W.) alimwambia yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Hakunyimwa pepo, alinyimwa cheo. Basi aliyewahi kumdhuru mtoto na akatubu, tutaswali naye safu moja, alime, afanye biashara, asalimiwe. Ila watoto hatampewa. Kumnyima hilo si kumdhulumu.

Kwa hiyo jibu langu, mama yangu wa Laela: daftari ninalitaka. Liwe na waliohukumiwa tu, na rufaa zao zikiwa zimekwisha. Liwe mikononi mwa polisi na ustawi wa jamii, si ukutani wala mtandaoni. Na iwe lazima kwa kila anayeajiri mtu wa kukaa na watoto, iwe shule, madrasa, bweni au kituo cha yatima, kuuliza kwanza.

LAKINI HAPA NDIPO PENYE JIPU.

Hebu piga hesabu. Aliyehukumiwa Tanzania yuko ndani miaka 30. Daftari la walioko mitaani litakuwa fupi mno. Wanaowadhuru watoto wetu leo hawatakuwemo, kwa sababu kesi zao hazikufika mahakamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wako wapi waliofanya? Wako nyumbani. Wazee walikaa, wakatozwa ng'ombe au gunia za mahindi, wakaambizana "tusivunje ukoo". Ng'ombe akachinjwa. Mtoto aliulizwa na nani?

Na sisi watu wa madrasa tusijitoe. Kamati yetu iliwahi kupokea ustadhi aliyeomba kufundisha, ametoka mkoa mwingine. Tajwidi yake nzuri, barua yake nzuri. Nikapiga simu alikotoka. Yule mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tulimwomba tu aondoke. Hatukutaka dini itukanwe." Nikamuuliza, na watoto? Akasema wazazi walisamehe. Hatukumwajiri, na tukapeleka taarifa dawati la jinsia la polisi. Jina lake sitaliandika hapa, maana hakuna mahakama iliyomhukumu. Lakini tafakari: kama nisingepiga ile simu? Dini inatukanwa zaidi na lipi, kesi moja mahakamani, au mtu anayehamishwa madrasa hadi madrasa kwa barua nzuri?

Basi tuanze na yaliyo mkononi mwetu:

1. Usimwajiri ustadhi, dereva wa watoto wala mlezi wa bweni bila kupiga simu alikotoka. Uliza waziwazi: "Ungempa watoto wako tena?"

2. Ukiulizwa, sema ukweli unaoujua. Barua ya sifa kwa mtu unayejua ni hatari ni ushahidi wa uongo.

3. Mtoto akikwambia, muamini kiasi cha kuchukua hatua. Usimwogeshe, usifue nguo zake. Nenda polisi upate PF3, nenda hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Namba ya simu kwa ajili ya watoto ni 116.

4. Usipokee ng'ombe. Haki ya mtoto si ya baba kuiuza.

5. Usirushe picha ya mtu kwenye magrupu. Unaweza kumsingizia asiye na hatia, na ukaharibu kesi ya mwenye hatia.

Serikali ikileta daftari kesho, alhamdulillah. Lakini litaandikwa kutokana na kesi tulizozipeleka. Tukiendelea kumalizana sebuleni, litakuwa daftari tupu.

Yaa Allah, walinde watoto wetu majumbani, shuleni na katika madrasa zetu. Waponye waliodhurika, na utujaalie tusiwe wa kunyamaza. Aamin.

Wallahu aalam. Msomee na mwenzako asiye na simu.